Muuzaji Aliyeandika BU

Walionisoma wiki jana wanajua nilipowaacha. Paa lilivuja, maji yakaingia kwenye kompyuta yangu, ikatoa moshi mbele ya macho yangu. Wiki hiyo hiyo kiwanda cha sigara kikamrudisha mume wangu Gunadi nyumbani na bahasha ya kiinua mgongo. Mama mkwe, Bu Kasminah, naye akapanda treni kutoka Blitar kuja kutoa hukumu sebuleni kwetu: mwezi ukiisha hatujalipa kodi ya mwaka, mjukuu wake Laras anakwenda kuishi naye. Kisha akarudi kwao.

Asiyenisoma, ajue hayo na hili moja. Mimi Endah ni mama wa nyumbani hapa Malang, na kazi yangu ni kuwachezea watu michezo ya kompyuta. Usicheke. Watu wananilipa nicheze kwa majina yao, niwapandishe daraja, wao waende wakajisifu kwa wenzao. Kazi hiyo kwetu inaitwa joki. Wateja wananijua kwa jina la Rangga, na wanadhani mimi ni kijana mwenye ndevu.

Gunadi anajua. Mama mkwe hajui. Yeye anadhani nauza vitafunio vya barafu mtandaoni, na mimi sijawahi kumtoa kwenye dhana hiyo.

Basi sikilizeni nilichofanya wiki hii, na mkimaliza mnihukumu mtakavyo.

Jumatatu asubuhi Gunadi alinikabidhi ile bahasha.

"Mpelekee Haji Mukri," akasema. "Mwambie hii ni nusu ya kodi. Nusu nyingine tunaitafuta."

"Haji alishasema hataki nusu."

"Mpelekee tu. Akiiona pesa atalainika. Mimi nikienda tutashikana mashati."

Nikaenda. Wallahi nilienda. Mwenye nyumba wetu alikuwa kibarazani anakatia ndege wake ndizi. Aliitazama bahasha bila hata kunyoosha mkono.

"Mama Laras, nyumba yangu si muwa, niuze pingili pingili. Kuna mtu wa Surabaya anaitaka, na anayo yote mkononi. Leteni yote mwezi ukiisha, au mfungashe."

"Haji, tafadhali. Una wajukuu."

"Ninao. Ndiyo maana nataka kodi yangu."

Nikasimama barabarani na rupia milioni nne na nusu kwenye mkoba. Nusu ambayo haiwezi kununua kitu. Nikirudi nayo nyumbani itakaa kabatini, tutaila kidogo kidogo, mchele leo, gesi kesho, na mwisho wa mwezi nitakuwa sina nusu, sina nyumba, sina mtoto.

Wakati huo huo Tajiri, yule anayetugawia kazi majoki wote wa mji huu, alikuwa ameniandikia: "Rangga, nina wateja wamejipanga. Ukiwa na mashine Jumatatu ijayo kazi ni zako. Usipokuwa nayo nampa mwingine." Nikapiga hesabu palepale juani. Kompyuta ikiwaka Jumamosi, nikicheza kama mwendawazimu, mwezi hauishi kabla sijairudisha bahasha na ile nusu nyingine juu yake.

Sikurudi nyumbani. Nilipanda hadi ghorofa ya tatu ya jengo la maduka ya kompyuta.

"Mbak, karibu dada," akasema Koh Aliong, kaka wa Kichina mwenye duka la vifaa vipya na vikuukuu. "Ya mtoto wa kiume?"

"Ya mume."

"Anacheza nini?"

"Anacheza na akili yangu."

Akacheka mpaka akakohoa, kisha akanivutia kasha la kioo lenye feni za rangi rangi. "Hili akiliona atakupenda upya. Taa zinabadilika zenyewe."

"Koh, mimi sifungui disko."

Nawaambia ninyi mnaosoma, huenda kesho mtoto wenu akawalilia kompyuta. Kuunga kompyuta ya michezo kwa pesa ndogo ni kama kuandaa harusi: ukimwaga pesa kwenye mapambo, wageni watalala njaa. Taa haziongezi mchezo kitu.

Prosesa, ubongo wa mashine, nikachukua iliyotumika, ya kizazi cha nyuma, kwa sababu prosesa si kitu cha kuchakaa upesi. Ubao mkuu, ule unaobeba vingine vyote, nikachukua wa kawaida kabisa. Memori nikataka vijiti viwili vidogo vinavyosaidiana, si kimoja kikubwa. Diski ndogo, lakini mpya. Koh Aliong alikuwa anaweka mezani huku ananitazama kwa jicho la pembeni.

Alipofika kwenye pawa saplai, kile kisanduku cha kugawa umeme, akaniwekea moja imepakwa rangi nyekundu kama kidosho. Nikainyanyua kwa mkono mmoja.

"Nyepesi, Koh. Humu ndani mna upepo."

"Mbak anapima kama papai?"

"Papai bovu linaharibu tumbo tu. Hii ikilipuka inaunguza nyumba, na nyumba yenyewe si yangu. Nipe ile nzito ya nyuma yako."

Akaileta nzito. Ilikuwa ghali kuliko nilivyotaka, nikaumia, nikalipa. Hapo hapabanwi.

"Hii si ya mume," akasema Koh Aliong.

"Funga vitu, Koh."

Kasha sikununua. Nyumbani kuna kichanja cha chuma cha kukaushia vyombo, chenye mianya, hewa inapita vizuri kuliko kwenye makasha yao ya kioo. Nikasema nitafunga kila kitu humo. Sahani zitajua zenyewe pa kukaukia.

Ikabaki kadi ya picha, na hapo ndipo roho ya mashine ilipo. Bila hiyo mchezo unakatika katika, na joki anayekatika katika anakufa kabla hajamwona adui. Mpya sikuzigusa hata kwa macho. Zile zilizotumika za Koh Aliong nazo sikuziamini. Nyingi zilikuwa zimechimbishwa sarafu za mtandaoni mchana na usiku mpaka zimechoka, kisha zikaoshwa zikang'aa kama maiti iliyopambwa.

Nikaingia kwenye matangazo ya watu binafsi. La tatu nililofungua lilisema hivi:

KADI YA PICHA. NZIMA. HAIJAPIGWA JUA WALA VUMBI. MILIONI MBILI NA LAKI MBILI. BU.

Sasa, kwetu huku muuzaji akimalizia tangazo kwa herufi hizo mbili, B na U, kila mtu anaelewa. Ni kifupi cha butuh uang: ana shida ya pesa. Kwa mnunuzi ni kama harufu ya nyama choma. Mwenye BU hana ubavu wa kubishana. Unamkaba, anashusha.

Nikachukua simu yangu ya kazi, ile ya Rangga, nikaandika.

"Bei ya mwisho?"

"HIYO HIYO, MAS," akajibu. Mtu huyo alikuwa anaandika kwa herufi kubwa mwanzo mpaka mwisho, kama anapiga kelele. Nikasema ni kijana fulani asiyejua hata kutumia simu. Na "Mas" yake hiyo ya heshima, kaka huku kaka kule, ikanipa moyo zaidi.

"Umeandika BU halafu unaringa? Milioni moja na laki mbili."

Kisha: "SIJUI KURINGA, MAS. NI KADI NZURI. ILITUNZWA SANA."

"Haijawashwa muda gani?"

"MIAKA MIWILI."

Nikafurahi. Naam, nilifurahi, sitawaficha. Nikaandika: "Basi huo ni mzoga. Nani atatoa milioni mbili kwa mzoga? Mtaka pesa ya haraka sharti ainame."

Hakujibu siku nzima. Nikajua nimemshika pabaya. Kesho yake ujumbe ukaingia nikiwa nakaanga tempe, vile vipande vya soya.

"MILIONI MOJA NA LAKI TANO, MAS. NIMEIPANGUSA TENA."

"Na laki nne. Jumamosi, nje ya stesheni, kwa muuza supu ya bakso. Hutaki, basi."

"HAYA, MAS."

Nikajipongeza. Nikamwambia Laras mama yako ni simba, naye akaniuliza kama simba anakaanga tempe.

Mnaona nilivyo. Nilikuwa nimeshika pesa isiyo yangu, nimemdanganya mume, na bado nilipata raha ya kumkandamiza mtu nisiyemjua kwa sababu tu yeye ana shida kuliko mimi. Ndivyo shida inavyotufanya wengine wetu, na mimi sikuwa nimejijua mpaka wiki hii.

Jumamosi nikajipaka poda, nikazima simu yangu ya nyumbani, ile wanayoijua ndugu, ili Gunadi asinisumbue, nikabeba iliyobaki kwenye bahasha. Vifaa vyangu vilikuwa vimeshakaa kwenye kichanja, chini ya shuka, nyuma ya mlango wa jikoni. Gunadi aliniona navaa viatu.

"Unakwenda wapi?"

"Kuna mteja anataka kuniona."

"Haji alisemaje siku ile ulipompa?"

"Alishukuru."

"Si nilikwambia atalainika?" Akatabasamu, mara ya kwanza tangu kiwanda kimrudishe. Njia ya mwongo ni fupi. Yangu iliishia stesheni.

Nilipofika ng'ambo ya barabara simu ya kazi ikatetema. "NIMEFIKA, MAS. MTANDIO WA KIJANI."

Mtandio? Nikasema kijana ana aibu, amemtuma mama yake. Nikacheka peke yangu. Nikanyoosha shingo kutazama mezani kwa muuza bakso.

Mwanamke mmoja tu alikuwa na mtandio wa kijani. Hakuwa na bakuli mbele yake, alikuwa na glasi ya chai isiyo na sukari, ile ya bei rahisi kuliko zote. Mapajani amekumbatia kitu kilichofungwa kwenye nguo ya msuli ya kiume. Alikuwa Bu Kasminah, mama mkwe wangu.

Msuli ule nilikuwa naujua. Ulikuwa wa Prasojo, mdogo wake Gunadi, aliyekufa kwa homa ya dengi miaka miwili iliyopita. Chumba cha Prasojo kule Blitar kimefungwa tangu tulipotoka makaburini. Kompyuta yake imefunikwa mezani vilevile alivyoiacha, na hakuna aliyeruhusiwa kuigusa, hata Gunadi.

BU. Haikuwa shida ya pesa. Alikuwa ameweka jina lake mwishoni, kama wafanyavyo mama zetu wote wakimaliza kuandika ujumbe. Bu. Mama.

Namba yake sikuitambua kwa sababu imehifadhiwa kwenye simu yangu ya nyumbani. Kwenye simu ya Rangga alikuwa mtu tu.

Miguu ikaniambia rudi. Nikageuka kabisa, nikapiga hatua. Nikasikia nyuma yangu, juu ya kelele zote za pikipiki:

"Nduk! Endah!"

Binti, ananiita. Nikavuka. Nikainama, nikambusu mkono.

"Unafanya nini huku, Nduk?"

"Napeleka vitafunio, Bu."

"Viko wapi?"

"Nimeshapeleka. Na wewe, Bu? Mbona hukutuambia unakuja?"

Akausogeza ule msuli chini ya meza. "Namsubiri rafiki." Kisha akanitazama usoni, akashusha pumzi. "Kaa. Mimi uongo unanichosha. Heri nikwambie wewe kuliko Gunadi."

Nikakaa. Mwenye kosa hukaa anapoambiwa.

"Ile nusu uliyompelekea Haji," akasema, "Gunadi kanambia kaipokea. Ni kweli?"

Hapo ndipo ilipokuwa nafasi yangu. Ilikuwa wazi kabisa.

"Ni kweli, Bu."

"Alhamdulillah." Akaweka kiganja kifuani. "Basi imebaki nusu moja tu. Nimeuza mpunga wote wa ghalani, nimepata milioni tatu. Ziko hapa kwenye nguo. Na iliyobaki nilikuwa sina pa kuitoa, Nduk, nimefikiri mpaka kichwa kikauma. Nikafungua kile chumba."

Akaufungua msuli kidogo. Kadi ikaonekana, haina vumbi hata kwenye mapezi ya feni. Tangu nianze kazi hii sijaona kadi kuukuu safi kama ile.

"Fundi wa kule kwetu ndiye aliyeichomoa, akanipangia bei. Mimi nilisimama nje. Sikuweza kutazama."

"Bu," nikasema, "wewe si ulisema Laras utamchukua?"

"Nilisema ili Gunadi akazane. Mwanaume akikosa kazi hulala. Ulidhani nasema kweli?"

Nikazungusha glasi yake ya chai mezani.

"Mimi nimepoteza mwana, najua usiku wake ulivyo. Halafu nije nikupokonye wako? Kwani mimi mchawi?" Akanipiga kofi dogo la mkononi, la utani. "Wewe mtoto. Siku zote hizi ulikuwa unanichukia, eh?"

Nilikuwa namchukia. Nilimchukia nikifua, nilimchukia nikimchana Laras nywele. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze pale pale na benchi la watu.

"Tatizo ni huyu mnunuzi," akaendelea. Akashusha sauti, kama mnunuzi yuko meza ya pili. "Kijana anaitwa Rangga. Mungu amsamehe, hana adabu hata ya dawa. Sijui mama yake alimlea vipi. Kadi ya Prasojo kaiita mzoga."

"Labda hakujua, Bu."

"Hakujua, ndiyo. Nami nikajiambia hivyo. Lakini neno likishafika halirudi. Nilikaa nayo ile simu mkononi, nikalia, kisha nikaenda kuipangusa tena, maana nilisema pengine kweli ina vumbi mimi sioni." Akaufunga tena msuli, fundo juu ya fundo. "Nikatamani nimwambie siuzi. Ila nikamkumbuka Laras na vitabu vyake vya shule, nikasema mwache aite anavyotaka, mradi alipe."

Muuza bakso akaja kuniuliza nakula nini. Nikatikisa kichwa.

"Sasa nisaidie jambo," akasema Bu. "Kwa bei aliyonikaba nayo, nikijumlisha na mpunga, inapungua laki moja kufika nusu ya Haji. Laki moja tu. Wewe ni mtu wa biashara, unajua kusema na hawa watoto wa mtandaoni. Akija, nisemee. Mbembeleze. Mimi nikianza kusema nitalia mbele yake, na sitaki anione nalia."

Hebu fikirini nilipokuwa nimekaa. Milioni moja na laki nne zilikuwa kwenye mkoba wangu, na zilikuwa za Haji. Mama huyu anadhani nusu ya kwanza iko salama kwa mwenye nyumba, naye anaumia ili aikamilishe ya pili. Nusu ya kwanza iko kwenye kichanja cha vyombo, jikoni, chini ya shuka. Nikimlipa, namlipa kwa pesa ya kodi ile ile anayoitafuta. Nisipomlipa, amekuja bure kutoka Blitar na roho ya mwanawe imefungwa kwenye msuli. Na akitoka hapa anakwenda moja kwa moja kwa Haji Mukri kumkabidhi, na Haji atamwambia nini?

"Utakwenda kwa Haji leo, Bu?"

"Leo hii. Nikishapata tu. Twende wote, atafurahi kutuona."

Nikasema basi. Liwalo na liwe. Nimwambie sasa, hapa, kabla hajasimama. Aniite mwizi, aniite mchawi, atakavyo.

"Bu, kuna jambo nataka—"

"Ngoja, Nduk, kwanza nimpigie huyu, isije ikawa amepotea. Hatujawahi kusemeshana, ni kuandikiana tu." Akaitoa simu yake kwenye kifuko, akaishika mbali na macho, akatafuta namba kwa kidole kimoja. "Akipokea nakupa wewe uongee naye."

Nikanyoosha mkono kumzuia. Sikuwahi. Alibonyeza, akaiweka sikioni.

Simu ya nyumbani nilikuwa nimeizima. Ya Rangga sikuizima. Ikaanza kulia kwenye mkoba wangu, juu ya mapaja yangu, kwa sauti kubwa ya kuamsha jirani. Watu wote wa mezani wakageuka.

Bu Kasminah, simu bado iko sikioni, akanitabasamia na kunionyesha mkoba kwa kidevu.

"Pokea yako kwanza, mwanangu, huenda ni mteja. Ya huyu wangu bado inaita tu."